Kabla ya kumpa mtu daftari letu: namna chama cha akiba kilivyotafuta mtengenezaji wa programu Kisangani

Hapa Kisangani, neno "liste" ni neno zito. Kila mtu aliyekuwa katika mji huu mwezi wa Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana siku 6 katikati ya nyumba zetu, anajua kwamba kutafuta haki kunaanzia kwa jina kuandikwa. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliamua Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Tangu siku hiyo swali katika kata zetu ni lile lile: jina langu limo? Ndugu zetu wahami wa vita wanajua jambo hili kuliko sisi wote. Jina likikosewa herufi moja, mama anarudi kwa watoto na mfuko mtupu.

Ninaanza na hilo kwa sababu habari ninayowaletea leo inaweza kuonekana kama ni ya wenye ofisi na kompyuta peke yao. Ni habari ya majina yetu na makuta yetu, na ya mtu tunayempa ruhusa ya kuyashika.

Mimi ni mwanachama wa chama kidogo cha akiba katika komini ya Makiso. Kilianza kama likelemba ya kawaida ya mama wauzaji: kila juma kila mmoja anatoa, na mmoja anapokea. Baadaye wakaingia vijana wa toleka na wa pikipiki, wavuvi, walimu wawili watatu. Mwaka 2023, vita kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola vilipowaka upande wa Lubunga, familia nyingi zilivuka mto zikiwa na watoto na magodoro tu, na baadhi yao tuliwapokea. Leo tumepita watu 300. Hesabu yote ya chama inakaa katika buku 4 za mweka hazina wetu, pamoja na karatasi ngumu ndogo ambayo kila mwanachama anaitunza kwake.

Karatasi hizo ndizo zilizotuleta kwenye kompyuta. Mama mmoja aliyetoka Lubunga alikuwa ameweka akiba miezi 14 kabla ya vita. Nyumba yake ikaungua, na karatasi ikaungua nayo. Alipofika mbele ya kamati hakuwa na ushahidi wowote isipokuwa mistari iliyo katika buku la mweka hazina, na katika mistari hiyo miwili ilikuwa imeliwa na maji ya mvua. Tulimlipa haki yake, kwa kuwa mweka hazina alimkumbuka. Lakini usiku ule katika kikao mzee mmoja aliuliza: "Na kama ingekuwa buku ndiyo iliyoungua?" Hakuna aliyejibu. Ndipo tukakubaliana kutafuta programu, ile ambayo vijana wetu wanaiita lojisieli, itakayoshika hesabu za chama katika nakala zaidi ya moja.

Kamati ya watu 5 iliteuliwa kuchagua nani atengeneze. Mimi nilitiwa humo, wakisema mwandishi wa habari kazi yake ni kuuliza. Kwa hiyo nitawaeleza yale tuliyouliza, maana ninajua kuna depo za dawa, mashule, wenye mashua na vyama vingine hapa Tshopo vinavyofikiria jambo kama hili.

Kabla ya kuonana na kampuni yoyote, tulikaa siku 2 karibu na mweka hazina tukimtazama akifanya kazi. Tuliandika kila kitu: nani anakuja, anatoa nini, nani anasaini, kosa likitokea linasahihishwaje, mwanachama akifa familia inalipwaje. Tulipomaliza tulikuwa na kurasa 3. Humo ndani mlikuwa na mambo ambayo hakuna mgeni angeyajua. Wanachama wetu wengine wanasema Kiswahili, wengine Lingala, na Kifaransa ni cha wachache. Umeme unapotea siku nzima, na mitambo ya bwawa la Tshopo ikiharibika unapotea siku nyingi. Rezo ya simu ni hivyo hivyo. Programu inayodai intaneti kila dakika isingetufaa hata kama ni nzuri namna gani. Tuliandika pia yale tusiyoyahitaji. Kijana mmoja wa kamati alitaka picha, rangi na ujumbe wa siku ya kuzaliwa. Tukaviweka kando.

Kisha tukajiuliza kama kweli ni lazima kushona nguo mpya. Kuna programu zilizokwisha kutengenezwa. Mifos, kwa mfano, ilianzishwa na shirika la Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi ndogo za mikopo, na msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiongoza mashine, uko wazi kwa mtu yeyote. Hata vituo vyetu vya afya vinatumia kitu cha namna hiyo: takwimu za afya za nchi yetu zinapitia DHIS2, programu inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, nayo haina bei ya leseni. Tulijifunza kwamba kitu cha bure nacho kina gharama yake. Lazima mtu akiweke, akifundishe, akitengeneze kikigoma. Lakini kinakupa jambo moja kubwa: mtengenezaji akiondoka, mwingine anaweza kufungua na kuendelea. Kwa hiyo tuliziambia kampuni zote kwamba zinaruhusiwa kujenga juu ya kitu kilichopo, mradi zituambie wazi ni kipi.

Tulipata barua 3. Sitataja majina, kwa sababu sikuja kuharibu wala kusifu biashara ya mtu.

Ya kwanza ilitoka kwa kampuni ya Kinshasa. Karatasi zake zilikuwa nzuri kweli, kurasa 28 zenye rangi. Bei ilikuwa dola 9,000, matengenezo ya mwaka wa kwanza bure, na baada ya hapo asilimia 15 ya bei kila mwaka. Ya pili ilitoka ng'ambo ya mpaka wa mashariki: dola 4,500, na dola 90 kila mwezi. Programu ilikuwa tayari, ilibaki kugeuzwa kidogo tu, lakini ilikuwa kwa Kiingereza. Ya tatu ilitoka kwa vijana wawili waliosoma hapa hapa mjini. Walitaka dola 2,800 zilipwe kwa vipande 4, na dola 40 kwa mwezi za matunzo.

Mwanasheria wetu, mama mmoja mwenye subira, alituambia tusitazame bei ya mlangoni. Tupige hesabu ya miaka 3. Tukapiga. Kampuni ya Kinshasa: 9,000 na mara mbili 1,350, jumla dola 11,700. Ya ng'ambo: 4,500 na miezi 36 ya dola 90, jumla 7,740. Vijana: 2,800 na miezi 36 ya dola 40, jumla 4,240. Katika barua zote tatu hapakuwa na hesabu ya kompyuta yenyewe, betri, simu, wala siku za kumfundisha mweka hazina. Hizo tuliziongeza wenyewe.

Bei peke yake haikutosha kutuamulia. Tuliomba kila kampuni itupe wateja 3 wa zamani tuwapigie simu, na jambo hili ninawashauri msiliache kamwe. Mteja mmoja wa kampuni mojawapo, mwenye depo katika mji mwingine, alituambia kwamba programu yake inafanya kazi vizuri, ila mwezi mmoja alichelewa kulipa na programu ikajifunga. Hakuweza hata kusoma hesabu zake mwenyewe za mwaka uliopita. Tulimuuliza, "Papa, mkataba ulisema nini?" Akacheka. Mkataba haukusema kitu. Siku hiyo mzee wetu wa kamati, ambaye kompyuta haijui kabisa, alisema maneno tuliyoyaandika juu ya karatasi yetu: hesabu ni zetu hata tukiwa na deni.

Msidhani shida ya kumtegemea mtengenezaji wa nje ni ya wadogo tu. Tazameni M-Pesa, ambayo wengi wenu mnapokelea makuta kwayo. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza jaribio lake Kenya, na programu ilitengenezwa na kampuni ya nje, Sagentia ya Uingereza. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuwawezesha watu waliokopa kwenye taasisi ndogo ya mikopo kurudisha deni kwa simu. Walijaribu kwa wateja chini ya 500. Katika jaribio hilo wakaona watu wanaitumia kwa jambo jingine: kutumiana makuta wao kwa wao. Wakabadilisha kazi yote kufuata yale waliyoyaona, na Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa Wakenya wote. Kwetu Kongo ililetwa na Vodacom mwaka 2012. Uangalizi wa mtambo ule baadaye ulipita kwa IBM, na mwaka 2015 Safaricom wakahamia mtambo mpya wa Huawei, wakati seva zilizokuwa Ujerumani zilipohamishiwa Kenya. Mambo mawili niliyaona humo. La kwanza, walijaribu kwa watu wachache kabla ya kuwapa wote. La pili, waliweza kubadilisha mtengenezaji bila wateja kupoteza makuta yao. Chama kidogo kama chetu kinapaswa kudai nafasi hiyo hiyo tangu siku ya kwanza.

Sasa ninafika kwenye jambo lililotugawa, na ambalo ninaomba ndugu zetu wahami walisikilize vizuri.

Kila kampuni ilituonyesha fishi ya kumwandika mwanachama. Katika fishi ya mojawapo, baada ya jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, palikuwa na nafasi ya kijiji cha asili na nafasi ya kabila. Mtu wa kamati alisema hiyo ni kawaida, hata karatasi za zamani za utawala ziliuliza. Mama yule aliyeunguliwa na nyumba alikuwa amekaa nyuma, amealikwa kama shahidi wa wanachama. Alinyanyuka, akasema polepole: "Mimi nilitembea usiku na watoto kwa sababu ya neno hilo moja. Leo nyinyi mnataka kuliandika mahali ambapo mtu anaweza kulitafuta kwa kidole?"

Hapakuwa na kelele. Tulimuuliza mtu wa kampuni neno hilo linasaidia nini katika hesabu ya akiba. Akasema ndivyo fishi yao ilivyo, wateja wote wanaitumia. Hakuwa na sababu nyingine. Wengine katika kamati walisema tuiache nafasi hiyo tupu tu, hakuna haja ya kugombana. Mimi nilisema hapana, na bado ninasema hapana. Nafasi tupu siku moja itajazwa na karani mgeni asiyejua kisa. Kitu kisichohitajika kisiwemo kabisa, ndani ya programu wala ndani ya karatasi. Tulipiga kura: 4 kwa 1. Kabila likatoka. Kijiji cha asili nacho kikatoka, pakabaki mahali mtu anapoishi sasa na mtu wa kuitwa akipatwa na neno.

Nilisimulia katika kikao kile jambo lililolipata shirika kubwa kuliko sisi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao wameingia katika seva zake, zilizokuwa kwa kampuni ya nje kule Uswisi. Habari za watu zaidi ya 515,000 ziliguswa. Na watu wenyewe ni nani? Ni familia zilizotenganishwa na vita na maafa, waliopotea, waliofungwa, wale ambao Msalaba Mwekundu huwasaidia kutafutana. Wezi walikuwa wameingia tangu Novemba 2021, kwa kupitia tundu la programu ambalo halikuzibwa kwa wakati, wakakaa siku 70 bila kuonekana. Ikiwa shirika lenye wataalamu wengi hivyo liliingiliwa, sisi wenye kompyuta moja tufanye nini? Jibu tulilolipata ni rahisi: tusiandike kile ambacho kikiibwa kitamuua mtu.

Sheria nayo ipo. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoitwa Kode ya numerike, inazungumzia ulinzi wa habari za watu katika nchi yetu. Mwanasheria wetu aliiweka mezani na kuitaja katika mkataba. Mkataba wenyewe una kurasa 5, na hizi ndizo nguzo zake. Msimbo wa programu unakabidhiwa kwa chama kila kipande cha kazi kinapolipwa, si mwishoni tu. Hesabu zinaweza kutolewa zote wakati wowote, katika jedwali ambalo kompyuta yoyote inaweza kulifungua. Programu haijifungi kwa sababu ya deni. Wakati wa kujenga na kujaribu, watengenezaji wanatumia majina ya kubuni, siyo ya wanachama. Nakala za hesabu ni 3: moja ofisini, moja nyumbani kwa mwanachama aliyechaguliwa, moja nje ya mji, na zote zimefungwa kwa neno la siri. Kazi ikichelewa, kipande cha malipo kinachofuata kinasubiri. Watu wakitaka kuachana, kuna siku 30 za kukabidhiana.

Tuliwachagua vijana wa mjini. Sitaki mfikiri ni kwa sababu ni watoto wetu. Kuwa karibu kuna uzuri wake: walikuja wakakaa na mweka hazina, wakavuka mtumbwi nasi kwenda Lubunga kuona wanachama wanavyolipa, wakaonyesha programu inayofanya kazi bila rezo na kutuma hesabu rezo ikirudi. Wale wengine wawili hakuna aliyekuja. Lakini kuwa karibu kuna hatari yake pia. Mtengenezaji wa mbali hajui kwamba mama fulani ana dola 400. Kijana wa kata yako anaweza kujua, na kesho mtaa mzima ukajua. Ndiyo maana ya kile kifungu cha majina ya kubuni, na ndiyo maana neno la siri la hesabu za kweli linashikwa na watu wawili wa kamati kwa pamoja.

Hatari ya pili ni kwamba wako wawili tu. Mmoja akipata kazi Kinshasa na mwingine akaugua, tumekwisha. Tuliwaambia hivyo usoni mwao. Hawakukasirika. Walikubali msimbo usomwe na mwalimu mmoja wa infomatike ambaye hana faida katika mkataba, aone kama mtu mwingine anaweza kuuelewa. Alipata sehemu 2 zisizo na maelezo, nao wakaziandika upya. Hilo ndilo lililonipa moyo kuliko ahadi zote.

Sasa tuko katika jaribio. Wanachama 40 ndio waliomo, wakiwemo wahami 12, na mabuku ya zamani yanaendelea kuandikwa sambamba. Kila Ijumaa hesabu za buku na za kompyuta zinalinganishwa mbele ya watu. Juma la pili zilipishana kwa franka 6,500. Tulitafuta saa nzima. Programu ilikuwa imehesabu mara mbili malipo yaliyotumwa wakati rezo ilipokatika katikati. Walisahihisha kwa siku 3. Mweka hazina wetu bado hapendi mashine, na alifurahi kidogo buku lake liliposema kweli. Tumekubaliana mabuku hayatafungwa mpaka miezi 3 ipite bila tofauti hata moja. Yeye ndiye atakayesema lini, si vijana, wala si mimi.

Kwenu mnaoendesha vyama na biashara: andikeni kazi yenu kwanza, pigeni hesabu ya miaka 3, pigieni simu wateja wa zamani, lipeni kwa vipande, na ulizeni mtatokaje kabla ya kuingia.

Na kwenu familia za wahami, popote mlipo, katika shule, makanisa au nyumba za ndugu: mtu akija kuandika jina lenu katika simu au kompyuta, awe wa chama, wa kampuni au wa shirika, mna haki ya kumuuliza. Unatoka wapi? Jina langu linakwenda kukaa wapi? Nani mwingine ataliona? Likikosewa, ninarekebisha kwa nani? Na neno hili unaloniuliza, linasaidia nini? Mwenye nia njema atajibu bila kukasirika. Mama yetu mmoja aliuliza swali hilo la mwisho peke yake, na watu zaidi ya 300 hawakuandikwa kabila.

Kikao cha kulinganisha hesabu za mwezi kitafanyika Ijumaa ijayo, mchana, penye ofisi ya chama. Wanachama wote wafike na karatasi zao. Waliopoteza karatasi wafike vilevile.